Kumsikiliza mkazi kabla mchoro haujapigwa muhuri

Oktoba 1957 mwanasosholojia Herbert Gans alihamia West End, mtaa wa wahamiaji karibu na katikati ya jiji la Boston, Marekani, akaishi huko miezi minane hivi. Wakuu wa jiji walikwisha kuuhesabu mtaa ule kuwa uchafu wa kufagiliwa. Gans alikuta ndugu wanaoishi jirani, kodi nafuu na watu wanaojuana kwa majina. Kitabu chake kilitoka 1962, nyumba zimeshabomolewa.

Ndiyo ethnografia: mtafiti hukaa na watu hadi wamzoee. Dodoso huuliza nyumba ina vyumba vingapi. Haliulizi nani huachiwa watoto mama akienda kazini, wala nani hukopesha mwezi ukiwa kona. Nami naona uendelevu wa jiji, yaani jiji kudumu bila kuharibu mazingira, umo humo. Aliyekuwa akienda kazini kwa miguu akihamishiwa pembezoni, atapanda gari kila siku, na moshi ulioondolewa katikati ya jiji utatoka kwingine.

Wapangaji miji wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Miezi minane ni mingi kwa jengo linalokaribia kuanguka. Mtafiti huwasikia zaidi waliokubali kuzungumza, na akishaupenda mtaa huenda asiuone unyevu ukutani. Hoja nzito zaidi inatoka Seoul, Korea Kusini. Mwaka 2003 jiji lilianza kubomoa barabara ya juu iliyopita pale ulipofukiwa mto Cheonggyecheon, ingawa wafanyabiashara wa eneo hilo walipinga vikali. Mwaka 2005 mto ulifunguliwa, karibu kilomita 6, na kandokando yake joto likapungua. Kama pingamizi lile lingekuwa na nguvu ya kuzuia mradi, magari yangekuwa bado yanapita juu.

Hata hivyo, wachuuzi wa kandokando ya barabara ile walipelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Miaka michache baadaye uwanja nao ukabomolewa, wakahamishwa tena. Mtafiti aliyekaa nao asingehitaji kuzuia mto usifunguliwe. Angeeleza wateja wao hupitia wapi, mzigo hutoka karakana gani, na kwa nini meza iliyosogezwa mbali na hapo haiuzi.

Kwa hiyo sitaki mtafiti apewe kura ya kuzuia mradi. Nataka aingie mapema, akabidhiwe swali la nani atahamia wapi, na ripoti yake isomwe kwanza mbele ya wakazi, maana wao ndio watakaojua alipokosea.