Piriton sio dawa ya maumivu jamani

Mwandishi kwenye makala yako umesema watu wanameza piriton, ile dawa ya aleji, kutuliza maumivu, kweli kabisa wanameza, huku kwetu Tandahimba msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho ndo usiseme, mtu macho yanawasha, mafua, mgongo unauma, anaenda duka la dawa anachukua piriton na panadol anameza pamoja, analala fofofo, asubuhi anakwambia piriton ndo imetoa mgongo. Wapi! Mgongo umetulizwa na panadol. Piriton inazuia histamini, ile inayoleta muwasho na mafua ya aleji, na kwa vile ni dawa ya aleji ya kizazi cha zamani inaingia mpaka kwenye ubongo ndo maana unasinzia. Sasa huo usingizi mwili unauzoea haraka, siku tatu nne tu kidonge kimoja hakikulazi tena, mtu anapanda viwili, vitatu, mdomo mkavu, mkojo unagoma hasa wazee wetu wenye tezi dume. Utaniambia hospitali wanachoma promethazini, ndugu yake piriton, pamoja na pethidini, dawa kali ya maumivu, sawa, ila kazi kubwa ya promethazini pale ni kuzuia kichefuchefu. Na wewe wa bodaboda ukishameza hiyo kitu usinipakie.