Kiki ya 41

Leo nimeipiga pikipiki yangu kiki 40 kavu, haikuwaka. Nimezihesabu, kwa sababu ilipofika ya 15 hasira zilikuwa zimeniisha, nikabaki na udadisi tu. Ya 41 ikarudi kinyume ikanigonga ugoko.

Na nilikuwa nimeshavaa. Shati limenyooshwa, viatu vimepigwa rangi, mtu mzima na heshima zangu, natweta kama niliyekimbizwa na nyuki, mbele ya pikipiki niliyoiegesha miezi 3 iliyopita ikiwa nzima kabisa. Hakuna aliyeigusa! Ila ndivyo zilivyo kuukuu. Ukiitumia inaugua, ukiipumzisha inaugua zaidi, kama mzee aliyestaafishwa kwa lazima.

Pikipiki ikigoma, kila mpita njia ni fundi. Wa kwanza akauliza kama nimefungua koki. Wa pili akasema plagi, akaendelea na safari yake. Wa tatu, mtoto wa shule, akauliza kama ina mafuta. Nikamtazama kwa dharau inayolingana na umri wangu, kisha alipopita kona nikafungua tangi nikachungulia. Yapo. Safari ile nyingine hayakuwepo.

Nyie wenye pikipiki mpya zinazopimiwa mafuta na kompyuta, endeleeni na raha zenu. Wenye kabureta wenzangu, kile kidude kinachochanganya mafuta na hewa kabla hayajaingia kwenye injini, sogeeni.

Nikaikokota hadi kwa fundi. Akainama, akaisikiliza. Injini imezimwa, sijui alikuwa anasikiliza nini. Akatoa hukumu: "Kabureta, bosi." Kwa fundi huyu kila ugonjwa ni kabureta. Mpelekee pancha, atafungua kabureta. Sasa leo amebahatisha, na ndicho kinachoniuma.

Akafungua bakuli la kabureta, mafuta yakamwagikia kiatu changu, kilekile kilichopigwa rangi. Akatoa boya, akalitikisa sikioni kama yai. "Halijatoboka." Akaitoa ile sindano inayofunga mafuta boya likipanda, akaifuta kwenye suruali yake, ambayo ni chafu kuliko kabureta. Chini ya bakuli palikuwa na ute wa kahawia, unanuka kama rangi ya mbao iliyochacha.

"Bosi, uliilaza na mafuta ndani?"

"Ningeyalaza wapi?"

Kumbe ukitaka kuiweka muda mrefu, unafunga koki, unaiacha ingurume mpaka imalize yaliyomo kwenye bakuli izimike yenyewe. Petroli ikilala humo inakauka, inaacha gundi, na gundi hiyo haiendi kwenye tundu kubwa inakoweza kupita. Inaenda kwenye jeti ndogo, kipande chenye tundu la kupitishia mafuta, ile ya sailensa, yaani ya injini kunguruma taratibu bila kuvutiwa mafuta, ambayo tundu lake halifiki hata nusu milimita. Akanipa niishike juani nichungulie.

"Unaona nini?"

"Giza."

"Enhee," akasema, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito ameelewa hatimaye.

Kisha akaitia mdomoni. Jeti! Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akageuza upande, akapuliza tena. Akamumunya kidogo. Mara akapiga chafya.

Mnajua jeti ilivyo? Kidude cha shaba, kidogo kama punje ya mchele, rangi yake na ya mchanga ni ndugu. Tukapiga magoti: mimi, fundi, mwanafunzi wake, na bwana mmoja aliyekuja kujaza upepo tu. Mwanafunzi akapata nati. Yule bwana akapata jeti, si yangu, bali ya mteja mwingine ambaye fundi alimwapia kwamba haikupotea hapa. Pakawa kimya kidogo. Nikapata kitufe cha shati, nikajikagua, kumbe changu. Nusu saa nzima watu wazima wanne tunachambua mchanga, na jeti iko ndani ya kiatu changu kilicholowa petroli, imetulia.

Akachukua uzi wa waya wa breki achokonoe. Hapo nikapiga kelele. "Fundi, utalipanua tundu! Mafuta yatazidi hewa, plagi itajaa masizi!" Akanitazama kwa huruma. "Bosi, kumbe unajua." Akailoweka kwenye dawa ya kusafishia, kumbe anayo, tangu mwanzo anayo, iko mfukoni!

Ikawaka kiki ya kwanza. Akanipa ufunguo na skrubu moja. "Hii imebaki, haina kazi."

Nikaenda kama dakika 10. Ikaanza kumisi, ikazima. Nikasubiri, ikawaka, mwendo mfupi ikazima. Nikafungua kifuniko cha tangi, kikavuta hewa: fyuuu! Pale juu ya kifuniko kuna katundu ka kupumulia. Mafuta yakishuka, hewa sharti iingie kushika nafasi yake. Ikikosa pa kuingia, mafuta nayo hayashuki. Na siku ya kuiegesha, mtu mmoja mwerevu alikaziba kwa gundi ili maji ya mvua yasiingie. Mtu huyo ana shati lililonyooshwa. Lilikuwa limenyooshwa.

Jamani, matundu! Chuma chote hiki, mimi na ugoko wangu, tumeshindwa na matundu mawili yasiyopitisha hata uzi wa kushonea!

Nimefika kazini nanuka petroli, wavuta sigara wamehamia upande wa pili. Skrubu ninayo hapa mezani. Kichwa chake hakijaliwa. Nyumbani nina kopo zima la hizi zilizobaki: za feni, za redio, mbili za cherehani ya mke wangu. Vyote vinafanya kazi bila hizo. Isipokuwa cherehani, na habari ya cherehani mke wangu amesema haizungumzwi mbele ya wageni.