Nusu Kura kwa Kijana

Ninayo malalamiko, na kwa kuwa mimi ni mtu mzima mwenye staha zangu, nitayatoa kwa utaratibu. Jana baada ya magharibi, barazani petu hapa Majengo, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, ambaye sote twamheshimu kwa umri ingawa kwa mengineyo heshima hiyo huwa ya kusukumwa, alitangaza kuwa uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027 utaharibika ikiwa vijana wataachwa wapige kura kama watu. Kwa maoni yake, kura ya urais ya mtu aliye chini ya miaka 35 yafaa ihesabiwe nusu, kwa sababu kijana hana mke, hana shamba, hana subira, na akili yake huitia chaji usiku pamoja na simu.

Unga umepanda, nimenyamaza. Maji twanunua kwa mkokoteni, nimenyamaza. Stima huja kutujulia hali kisha ikaondoka, na hilo pia nimelinyamazia. Lakini nusu kura ilinikwama kooni pamoja na kashata.

Niliweka kikombe chini, nikamwuliza kwa upole, "Mzee wangu, hiyo nusu itahesabiwaje?"

Kumbe alikuwa amekwisha kulipangia. Vijana wawili, alieleza, watafika kituoni pamoja, wakubaliane nje kwenye foleni, kisha waingie kutumbukiza karatasi moja. Nikauliza itakuwaje wasipokubaliana. Akajibu kuwa hapo kura yao itakuwa imejifuta yenyewe, na nchi itapumua. Nikauliza mtu aliyepita miaka 70 atapewa kura ngapi. Mzee akaiweka sawa kofia yake, akakohoa kidogo kwa unyenyekevu wa mtu mwenye miaka 72, akasema kwamba moja na nusu haitakuwa nyingi.

Muuza kahawa, ambaye muda wote huo alikuwa akigonganisha vikombe vyake bila kusema neno, akasita. "Mimi natimiza 35 mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo Agosti nitakuwa nusu, na Septemba nitakuwa mzima?"

"Wewe umeoa," mzee akamjibu kwa huruma. "Nitakuongezea robo. Ungekuwa na wake wawili ningekupa nzima."

"Ahsante, babu. Basi na kahawa yako nitakutilia robo tatu." Akatia robo tatu kweli, akadai bei ya kikombe kizima, na hapo ndipo mjadala wa kikatiba ulipoanza kwa dhati.

Nilijaribu kuurudisha kwenye staha. Nikakumbusha kwamba kifungu cha 81 cha Katiba ya 2010 chataka usawa wa kura, na kwamba kifungu cha 138 chamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau robo katika kaunti 24 kati ya 47, bila kuuliza nani ana mvi na nani hana. Mzee akalidaka neno moja tu. "Unaona? Hata Katiba yenyewe ina nusu na robo!"

Hapo akatokea mpwa wangu, mwenye miaka 21, mmoja wa wale waliokimbizwa kwa vitoza machozi katika barabara ya Moi Juni 2024, akarudi nyumbani na kiatu kimoja na furaha ya ajabu. Aliamkia watu wote vizuri, kisha akaeleza, bila kuombwa, kwamba hesabu ya mzee imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kijana ndiye wa kupewa kura mbili, kwa kuwa madeni ya serikali atayalipa yeye kwa miaka 40 ijayo, wakati wazee watakuwa wameshakwenda zao.

"Tutakwenda wapi?" mzee akauliza kwa sauti kali.

Kijana akatazama chini kwa adabu. "Mbali kidogo, babu. Hata mjomba naye yuko njiani."

Nina miaka 53. Sijafunga mzigo wowote. Lakini niliimeza, kwa sababu lililokuwa likiniwasha zaidi lilikuwa mzee, aliyekuwa akiapa kwamba enzi zao vijana walikaa kando na kuwaachia wakubwa mambo ya urais. Nilimwuliza kama amesahau mwaka 1992. Uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, Rais Moi alitetewa na kundi lililojiita YK'92, ambalo hata herufi zake zilimaanisha vijana wa KANU, chama tawala cha wakati huo, likiongozwa na Cyrus Jirongo, likamwaga pesa hadi noti ya shilingi 500 ikabatizwa jina la Jirongo. Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi, huku upinzani umegawanyika vipande vipande. Ndani ya kundi lile mlikuwa na kijana wa miaka 26 aitwaye William Ruto. Mwaka 2022 akarudi mwenyewe kugombea urais na nembo ya wilibaro, akiwaita vijana mahasla, yaani wahangaikaji, na wazee wengi wa baraza hii hii wakasema vijana wana maono. Juni 2024 vijana wale wakaukataa Mswada wa Fedha na kodi zake, wakaingia bungeni tarehe 25, na siku ya pili yake Ruto, sasa Rais, akakataa kuutia saini. Ghafla wazee wakagundua kwamba ubongo wa mtu hukomaa baada ya miaka 35.

Hilo ndilo linaloniudhi, nami nikalisema kwa sauti iliyozidi kidogo kiwango cha staha. Hakuna mkubwa yeyote nchini aliyewahi kuchukia ushawishi wa vijana kwenye kura ya urais maadamu ushawishi wenyewe ni wa kukodiwa. Wapande malori, wavae fulana zenye sura ya mtu, waimbe mpaka sauti ziwakauke, walipwe jioni: hao ni tegemeo la taifa. Wakitaka kuchagua kwa kichwa chao, basi wahesabiwe nusu! Mzee akasema nimekasirika. Nikamwambia sijakasirika. Muuza kahawa akasema kikombe nilichokishika ni chake na kina ufa.

Mpwa wangu akanipigia makofi, jambo ambalo lilinipa hamu ya kumgeukia na yeye. Nikamsomea hesabu. Mwaka 2022 sajili ilikuwa na wapiga kura 22,120,458, na walio chini ya miaka 35 walikuwa milioni 8.8, hata asilimia 40 hawakufika, tena idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017. Zaidi ya watu milioni 7 waliosajiliwa hawakutokea siku ya kura. Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211. Nikamwuliza, "Sasa bwana kura mbili, wewe hiyo moja unayo? Umejisajili?"

Alianza kutazama simu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Usajili ulifunguliwa tena Septemba 2025. Alisema foleni. Nikamwambia hakuna foleni. Akasema jua. Mwishowe, kwa sauti ya chini sana kwa mtu anayedai kuamua nani aingie Ikulu, akakiri kwamba kitambulisho chake kiko kwa mama wa viazi karai, kimewekwa rehani kwa shilingi 380.

Basi leo asubuhi, mimi mwenye miaka 53 na safari yangu ya mbali, nimesimama mbele ya karai kudai uhuru wa raia. Mama alijifuta mikono kwenye leso, akatoa mkebe wa biskuti chini ya meza, akaufungua. Jamani! Nyuso za mtaa mzima zilikuwa mle, zimefungwa kwa mpira mafungu mafungu, nyingine zimerushiwa ukwaju hadi hujui mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Nilimwuliza kwa nini ana vingi hivyo. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta yanayochemka kwamba hao ni watu wake, na mgombea yeyote wa urais anayetaka vijana wa mtaa huu aanze kwake, aje na pesa taslimu.

Nililipa 380. Akasema ni 420, maana kulikuwa na mishikaki miwili ambayo kijana hakunitajia. Nikaomba risiti, akacheka mpaka kiazi kikaungua, kisha akataka kunitoza na hicho kiazi. Mpwa wangu sasa anadai nauli ya tuktuk hadi ofisi ya eneobunge, na ameulizia kama kutakuwa na chakula cha mchana iwapo mashine ya alama za vidole itachelewa. Marafiki zake watatu, ambao tangu wazaliwe hawakupata kunisabahi, leo wamekuja mlangoni mmoja mmoja kuniamkia shikamoo ndefu ndefu, na kila mmoja akiniuliza kama nimeuona vizuri ule mkebe.