Anza na mkanda, bastola itasubiri

Kijana akishapata leseni ya kulinda na silaha hapa Texas, kinachomkosesha usingizi ni bastola. Aina gani, inabeba risasi ngapi, nyeusi au ya rangi ya mchanga. Kwenye harusi na misiba yetu ya Houston na Dallas nimeshasikia watu wazima wakibishana kuhusu Glock na Smith & Wesson utadhani ni Simba na Yanga, na hakuna hata mmoja anayeuliza hiyo bastola itakaaje mwilini kwa zamu ya saa 12. Mimi nasema wazi: pesa ya mwanzo ni ya mkanda na holsta, yaani ule mfuko wa bastola wa kiunoni.

Naelewa tunakotoka. Kwetu mlinzi hachagui. Mlinzi wa benki Dar es Salaam hukabidhiwa bunduki ya kampuni akiingia lindo, akitoka anairudisha. Kenya, soja wa kampuni binafsi amezoea rungu na redio, na gari la pesa husindikizwa na polisi. Huku kampuni nyingi zinataka uje na vifaa vyako mwenyewe, kwa hiyo mtu anatoka kwenye kozi ya saa 45 ya Level III (ngazi ya mlinzi mwenye silaha hapa Texas) na kupitiliza dukani kabla hajajua atapangiwa wapi. Ananunua mkanda wa nailoni, kumbe kampuni inavaa ngozi. Ananunua bastola ya risasi za kipimo cha .40, kumbe wanaruhusu 9mm tu. California kuna la ziada: kibali chako cha silaha huandikwa kipimo cha risasi ulichofanyia mtihani, na hicho ndicho unachoruhusiwa kubeba kazini. Subiri barua ya kazi, omba masharti ya vifaa kwa maandishi, ndipo utoe hela.

Na mwenye viza ya mwanafunzi asijidanganye. Sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mtu wa viza ya muda kuwa na silaha au hata risasi, haijalishi kozi kafaulu vipi. Mwenye green card ni habari nyingine.

Turudi kwenye holsta. Raia anayebeba bastola ndani ya shati hakuna anayejua anayo. Ya mlinzi wa Level III inaonwa na kila mtu, na sheria ya Texas ndivyo inavyotaka: sare inayokutambulisha kuwa mlinzi, silaha iwe wazi. Sasa fikiria mlevi unayemtoa klabu saa nane usiku. Mmeshikana, anasukuma, unasukuma, na mkono wake uko kiunoni kwako. Kwenye malindo ya kawaida mimi namwogopa huyo kuliko jambazi wa kwenye sinema.

Ngazi za usalama wa holsta tunazozisikia dukani chimbuko lake ni Bill Rogers, aliyewahi kuwa ajenti wa FBI, ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Safariland, watengenezaji wa holsta, mwaka 1985. Kipimo chake ni rahisi kukielewa: mtu anaing'ang'ania bastola ikiwa ndani ya holsta na kuivuta kwa nguvu zote kwa sekunde tano, na isitoke. Kila kizuizi kinachoongezwa ambacho mnyang'anyi lazima akifungue kinaipandisha holsta ngazi moja. Kwa mtu wa sare mimi sishuki chini ya ngazi ya pili, na nikiwa na uwezo nanunua ya tatu. Ile ya tatu iliyozoeleka inafanya kazi hivi: gumba linashuka juu ya kofia iliyoifunika bastola kwa nyuma, linaibonyeza chini na kuibwaga mbele, kisha gumba hilohilo linarudisha nyuma kidude kidogo kilicho upande wa ndani, ndipo bastola inapanda wima. Ukiisoma hivi ni kazi ndefu. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi nyumbani, bastola tupu na risasi zote zikiwa chumba kingine, mkono unaifanya wenyewe. Asiye tayari kufanya hayo mazoezi anunue ya ngazi ya pili, maana holsta usiyoweza kuifungua nayo ni hatari.

Zipo za bei nafuu zinazofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kwa kidole cha shahada. Ziache dukani. Kidole kinachobonyeza kwa pupa bastola ikiwa inatoka kinaweza kuishia kwenye kifyatulio, na watu wamejipiga risasi za mapaja hivyohivyo. Walimu wengi wa shabaha hawazitaki uwanjani kwao. Kingine ambacho wauzaji hawakisemi kwa sauti: ukitaka kufunga tochi chini ya mtutu, holsta lazima iwe imetengenezwa kwa bastola hiyo pamoja na tochi hiyo. Ukibadilisha kimoja unanunua upya.

Mkanda wenyewe una sehemu mbili. Wa ndani unapita kwenye vitanzi vya suruali, wa nje mpana wa kama sentimita 5.7 unakaa juu yake, na vifungo vidogo vinne hivi vinaifunga pamoja. Bila hivyo vifungo, ukivuta bastola mkanda mzima unapanda nayo. Ukiujaza bastola, magazini mbili za risasi, pingu, redio na tochi unabeba kilo kadhaa nyongani usiku kucha, na ukiwa ndani ya gari la doria kila kitu kinakuchoma mbavu. Kitu kigumu usikiweke katikati ya mgongo. Wengi huning'iniza pingu pale kwa sababu ndipo palipobaki nafasi; siku utakayoangushwa chali, uti wa mgongo ndio utakaozipokea.

Dawa ya pilipili ikae upande usio wa bastola, na tochi ishikwe na mkono usio wa bastola. Hata hivyo mpangilio peke yake hautoshi. Aprili 2021, Brooklyn Center, Minnesota, polisi Kim Potter alimpiga risasi na kumuua Daunte Wright akisema alidhani ameshika Taser, kile kifaa cha shoti ya umeme. Taser yake ilikuwa kushoto, bastola kulia, kama inavyofundishwa, na yeye alikuwa na miaka zaidi ya 20 kazini. Alihukumiwa kifungo. Ndiyo maana mgeni kazini namshauri abebe vitu vichache anavyovijua kabisa kuliko mkanda uliojaa.

Fulana ya kuzuia risasi usinunue iliyotumika, hata akuuzie shemeji yako. Ya kitambaa kwa kawaida ina dhamana ya miaka mitano, na jasho na joto la Texas haviisaidii. Zile za nyuzi za Zylon zilionekana imara mpaka mwaka 2003 risasi zilipopenya, na 2005 NIJ, taasisi ya serikali ya Marekani inayoweka viwango vya fulana hizi, ikaacha kuzitambua. Tazama lebo ya ndani: mwaka wa kutengenezwa, ngazi, alama ya NIJ. Ngazi ya IIIA inatosha kwa bastola nyingi. Bunduki ndefu itaipenya, na hilo ulijue kabla hujavimba kichwa.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote bei yake ni kama dola 30 tu: ule mkanda wa kukazia mkono au mguu unaovuja damu, turniketi. Nunua CAT halisi (aina ya turniketi inayojulikana) kwa muuzaji anayejulikana. Za bandia zimejaa mtandaoni na kijiti chake huvunjika ukikaza. Uweke mbele, mahali ambapo kila mkono unafika, kwa sababu hujui ni mkono upi utakaokuwa mzima.

Bastola? 9mm ya kampuni inayojulikana, ya ukubwa wa Glock 17 au 19, unayoipatia shabaha. FBI wenyewe walirudi kwenye 9mm miaka iliyopita. Sina la kuongeza.

Yale mapambo ya mafuvu, visu vya mgongoni na glavu zenye vifundo ni hela ya kuchezea, na wakili wa upande wa pili atayashikilia mbele ya baraza la mahakama siku ukishtakiwa.

Gharama sasa. Tangu 2018, mwajiriwa wa W-2 (anayekatwa kodi kwenye mshahara na mwajiri) hawezi kupunguziwa kodi ya shirikisho kwa vifaa vya kazi alivyojinunulia. California kifungu cha 2802 cha sheria ya kazi kinamtaka mwajiri arudishe gharama za lazima. Texas hatuna kinga ya namna hiyo. Kwa hiyo swali la nani analipia fulana na nani anagharamia risasi za mazoezi uliza kwenye usaili, bila haya, kabla hujataja mshahara. Kampuni ikijibu kwamba yote ni juu yako kisha ikakuongezea dola moja kwa saa juu ya mlinzi asiye na silaha, mimi ningebaki na lindo la bila silaha na kutafuta kampuni nyingine taratibu.