Waya wa Unguja: lijamu au bunduki?

Neno "simu" tumelipata kwa Waajemi, na kwao maana yake ni waya. Kabla haijatiwa mfukoni, simu ilikuwa ujumbe unaoulipia ofisini neno kwa neno, ndiyo maana wafanyabiashara walibuni vitabu vya mafumbo: neno moja likabeba sentensi nzima.

Waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea hadi Durban, Afrika Kusini. Vita ndivyo vilivyouharakisha. Januari 22 mwaka huohuo Wazulu waliliangamiza jeshi la Waingereza pale Isandlwana. London haikujua mpaka Februari 11. Tena vita vyenyewe vilichokozwa na mkubwa wa Waingereza huko Cape, Bartle Frere, aliyewapa Wazulu masharti mazito bila idhini ya mawaziri. Hapa wanaoisifu telegrafu wana hoja nzito: bwana akiwa mbali na hafikiki, mtumishi hujifanyia atakavyo. Waya ungekuwa lijamu.

Basi tuitazame lijamu hiyo Agosti 1896. Tarehe 25 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na binamu yake Khalid bin Barghash akalishika kasri ili atawale bila idhini ya Waingereza. Konsuli wa Uingereza, Basil Cave, hakujiamulia kama Frere. Aliuliza London kama anaruhusiwa kulipiga kasri mizinga. Kwenye waya mrefu kama ule hapakuwa na mlio wa kusikiliza. Umeme ulifika umechoka, ukiwa na nguvu ya kutikisa tu mrija mwembamba wa wino juu ya utepe wa karatasi. Wimbi likipanda ni nukta ya alfabeti ya Morse, likishuka ni kistari. Jibu la waziri mkuu, Lord Salisbury, lilikuwa ruhusa, pamoja na onyo asianze asichoweza kukimaliza.

Kwa hiyo lijamu ilikuwepo, ila aliyeishika hakuivuta. Na waya wenyewe ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Mimi naona kasi ile ilimfaa zaidi aliyekwisha kuwa na manowari bandarini: ilimpa baraka kabla hasira haijapoa. Mizinga ilianza muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi tarehe 27, ikalia kwa kama dakika 40. Upande wa Khalid, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Tangu Hamad afariki hazikuwa zimetimia siku mbili. Kwa meli, barua ya Cave isingekuwa imefika hata Aden.