Leseni ya bwawa ni miaka 40, maoni yako ni siku 60

Sisi tunaokaa Lewiston huku jimbo la Maine, Marekani, tukivuka daraja kwenda Auburn tunayaona yale maporomoko ya mto Androscoggin kila siku. Aprili theluji ikiyeyuka maji yanavuma mpaka unapata manyunyu usoni, Agosti ikifika umebaki mwamba mtupu na wengi tunadhani ni jua tu. Jua lipo, lakini sehemu kubwa ya maji inakuwa imeelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na kiasi gani kiachwe kipite kwenye mwamba sio suala la mvua, ni suala la leseni. Leseni ya bwawa la hapo, Lewiston Falls, iliwekewa mwisho Agosti 2026.

Kwa Marekani mabwawa binafsi ya umeme mengi yanapewa leseni na tume ya nishati ya serikali kuu inaitwa FERC. Leseni ni ya miaka 30 mpaka 50, siku hizi kawaida 40, ikiisha mwenye bwawa anaomba upya na hapo ndo inafanyika tathmini ya mazingira na wananchi wanakaribishwa kutoa maoni. Tangu 1986 sheria inaitaka tume iwape samaki, wanyama na watu wanaotembelea mto uzito ule ule inaoupa umeme. Kwenye karatasi ni safi kabisa.

Sasa ubishi uko hivi. Kuna watu wanasema ushirikishwaji huu ni maigizo, tume inasikiliza halafu inatoa leseni kama ilivyokuwa inataka. Upande wa wenye mabwawa wanasema umezidi, kila kikundi kinaomba utafiti wake, bwawa dogo linaweza kutumia hela nyingi kwenye makaratasi kuliko litakavyopata kwenye umeme, na hapo tunazungumzia umeme usiotoa moshi. Mimi naona wote wanabishania mkutano wakati mambo yanaamuliwa kwenye kalenda.

Angalia ratiba yenyewe. Kwa utaratibu wa kawaida mwenye bwawa anatakiwa kutoa taarifa kwamba ataomba leseni mpya miaka mitano mpaka mitano na nusu kabla ya ile ya zamani kuisha. Anatoa na kitabu cha taarifa zote alizonazo kuhusu mto, tume inaitisha mkutano wa kupanga nini kichunguzwe, na wananchi wanapata siku 60 kuleta maoni na kuomba tafiti. Na maombi ya utafiti sio barua ya kulalamika, kuna vigezo saba, useme lengo, useme taarifa zilizopo zimepungua wapi, useme mbinu, useme itagharimu kiasi gani. Baada ya hapo wanapima msimu mmoja au miwili, maombi ya leseni yanaingia miaka miwili kabla ya mwisho, ndipo rasimu ya tathmini inatoka na watu wanajaa ukumbini. Kila mmoja ana dakika zake chache, huyu anasema zamani mto ulikuwa na samaki mikunga, yule anasema watoto hawana pa kushukia majini, yote kweli, ila tume inaamua kwa ushahidi uliomo kwenye faili na utafiti wa mikunga ulitakiwa uombwe miaka mitatu nyuma wakati hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba kuna leseni.

Kule nyumbani tulikotoka mkutano wa hadhara unaujua kwasababu gari la spika limepita mtaani. Huku tangazo linakaa kwenye gazeti rasmi la serikali na kwenye gazeti la hapa mjini, na ni watu wangapi kwenye jengo lako wanasoma gazeti la hapa mjini?

Kuna na hili la kujiandikisha. Kutoa maoni tu hakukufanyi kuwa mhusika rasmi wa kesi ya leseni. Lazima upeleke ombi la kuingizwa, ndani ya muda, na usipokuwa mhusika leseni ikitoka huwezi kuomba tume iangalie upya uamuzi ndani ya zile siku 30, na bila hiyo mahakama ya rufaa hufiki. Yaani umeongea, umepigiwa makofi, na kisheria haupo. Bunge lao liliruhusu ofisi ya kumsaidia mwananchi kwenye haya mambo mwaka 1978, ofisi ikaja kuanzishwa 2021. Miaka 43!

Ila wale wa maigizo nao wasitudanganye, maana kama kilomita 50 kutoka hapa kuna ushahidi. Bwawa la Edwards pale Augusta kwenye mto Kennebec lilijengwa 1837, umeme wake megawati 3.5 tu, na lilikuwa limewafungia samaki njia ya kupanda mto. Vikundi vya uhifadhi na wavuvi viliungana, vikaingia kwenye kesi mapema kama wahusika rasmi, vikajaza faili kwa hoja za samaki na hesabu za gharama. Novemba 1997 tume ikakataa leseni na kuamuru bwawa liondolewe, mara ya kwanza kufanya hivyo mwenye bwawa akiwa hataki, na Julai 1, 1999 likafunguliwa. Samaki wadogo wa alewife wakarudi kwa mamilioni miaka iliyofuata, hasa baada ya bwawa la Fort Halifax kwenye kijito chake nalo kutoka 2008. Hii haikuja kwa kelele za ukumbini.

Afu kuna swali gumu ambalo wapenda mito hawalipendi, mwananchi ni nani? Mto Klamath, California na Oregon, watu wa Yurok na Karuk waliokuwa wanaishi kwa samoni walipigana miaka mingi mabwawa manne yatoke, hasa baada ya Septemba 2002 zaidi ya samaki 30,000 kufa sehemu ya chini ya mto. Lakini wakazi wa kaunti ya Siskiyou, ambako mabwawa matatu kati ya hayo yalikuwepo, walipoulizwa kwa kura 2010 zaidi ya robo tatu walisema hapana, kuna waliojenga nyumba kando ya ziwa la bwawa. Hawa nao ni wananchi. Na huku Kennebec bwawa la Shawmut lilipoingia kwenye mgogoro wa leseni, kiwanda cha karatasi cha Skowhegan kinachovuta maji pale kilisema bwawa likitoka kitakuwa hatarini, sasa mwambie mtu mwenye shifti pale kwamba samoni ni muhimu kuliko mshahara wake. Simlaumu akikasirika.

Malalamiko ya wenye mabwawa kwamba wanacheleweshwa ndo nayaangalia kwa jicho la pembeni. Leseni ya Klamath iliisha 2006 na tume ikatoa ruhusa ya kuyaondoa mabwawa Novemba 2022, miaka 16 katikati yaliendelea na leseni za mwaka mmoja mmoja, kwa masharti ya zamani. Kwahiyo ucheleweshaji unamuumiza mwenye bwawa, sawa, lakini pia unamwachia masharti ya babu yake bila ngazi mpya ya samaki kupandia mto. Mabwawa yote manne yalimalizika kuondolewa 2024 na Oktoba mwaka huo huo samoni walionekana juu ya pale yalipokuwa.

Nguvu nyingine iko kwenye jimbo. Kifungu cha 401 cha sheria ya maji safi ya 1972 kinasema tume haiwezi kutoa leseni mpaka jimbo lithibitishe ubora wa maji au liache muda wake upite, na masharti ya jimbo yanaingia kwenye leseni moja kwa moja. Sheria hiyo ilisukumwa na Seneta Edmund Muskie, mtoto wa Rumford, mji ulio juu ya huu huu mto Androscoggin, enzi hizo ulikuwa unanuka uchafu wa viwanda vya karatasi. Kwahiyo mtu wa Lewiston asiyeweza kushindana na wanasheria wa Washington bado anaweza kwenda ofisi ya mazingira ya jimbo, Augusta, kama nusu saa hivi na kitu kwa gari. Mimi ningeanzia huko.

Na Kennebec imeonyesha njia ya tatu. Septemba 2025 shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy lilitangaza makubaliano ya kununua mabwawa manne ya chini ya mto, Shawmut likiwemo. Baada ya miaka yote ya mikutano na barua jibu likapatikana kwenye meza ya kuuziana, ingawa sidhani mwenye mali angekaa kwenye hiyo meza kama zile barua zisingemfanya ahesabu gharama ya kubaki. Lewiston Falls hakuna aliyetangaza kulinunua. Hapa hoja sio samaki sana, ni maji mangapi yaangukie mwamba kiangazi na watu washukie wapi mtoni, na ukitaka kufuatilia namba yake kwenye faili za tume ni 2302.