Mkaguzi Akishtakiwa, Mwanahisa Ajue Lini?

Kampuni moja ndogo ya ukaguzi wa hesabu nchini Marekani ilifunguliwa mashtaka ya kinidhamu na PCAOB, bodi inayowasimamia wakaguzi wa kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Hadi siku amri ya kuifukuza ilipokuwa ya mwisho, ilikuwa imeshatoa ripoti nyingine 29. Wanahisa waliozisoma hawakuwa na njia ya kujua kwamba aliyetia saini pale chini ana kesi ya kujibu.

Huo haukuwa uzembe wa mtu. Sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002, iliyotungwa baada ya kashfa za hesabu za uongo za kampuni za Enron na WorldCom, inataka kesi hizi zisikilizwe faraghani, isipokuwa bodi ione sababu ya msingi na pande zote ziridhie. Mshtakiwa gani ataridhia?

Wanaotetea faragha wana hoja nzito, nayo ni Arthur Andersen, kampuni iliyokuwa ikikagua hesabu za Enron. Ilitiwa hatiani 2002 kwa kuvuruga uchunguzi wa sakata la Enron. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile kwa kauli moja, lakini wateja walishakimbia, na maelfu ya wafanyakazi ambao hawakuwahi kugusa faili la Enron walishapoteza kazi. Mkaguzi hana cha kuuza ila kuaminiwa, na tuhuma tupu yaweza kummaliza. Hilo silipuuzi hata kidogo, na ndiyo maana naona uchunguzi wa awali ubaki siri.

Ila hati ya mashtaka si uvumi. Hutolewa baada ya makabrasha kupekuliwa, wahusika kuhojiwa na bodi kuridhika kwamba kuna kesi. Isitoshe SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji huko huko, inaweza kumshtaki mkaguzi yuleyule kwa kosa lilelile, hadharani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba usiri unamnufaisha anayechelewesha. Anayekubali yaishe mapema, adhabu yake hutangazwa; anayebisha na kukata rufaa hupata muda mrefu wa kimya, huku akiendelea kutia saini. Maseneta Jack Reed na Chuck Grassley walipeleka muswada wa kurekebisha jambo hili 2011. Haukupita.

Kamati inayokaa kuchagua nani akague vitabu vya kampuni mwaka ujao inastahili kuwa na hati ile mezani, na kando yake utetezi wa mkaguzi mwenyewe, kabla haijapiga kura.